Nani Kazima Kelele za Uwanja

Zuhura aliteremka kwenye bajaji mbele ya nyumba ya Ausi saa nane na nusu mchana, begi moja mkononi na vumbi la safari ya siku mbili bado liko viatuni. Likizo yake ilikuwa imeanza Ijumaa, na badala ya kulala alipanda basi kutoka Songea kuja Bagamoyo kufanya kazi ileile aliyoombea likizo. Alikuwa na saa moja na nusu tu. Saa kumi, kama kila Jumamosi kwa miaka minne, Ausi angewasha gemu ya mpira, rafiki zake wangeingia mtandaoni kumtazama kutoka huko waliko, na Haidar, aliyeko Maskati, angesikiliza kwa mara ya mwisho.

Mara ya mwisho yalikuwa maneno ya Haidar mwenyewe. Alimpigia simu Alhamisi, wala hakuzunguka.

"Zuhura, wewe ni askari wa upelelezi. Nataka unipelelezee rafiki yangu."

Kesi yenyewe ukimsimulia mtu asiyewajua ataicheka. Kwa Jumamosi tatu sauti ya Ausi ilifika kwa wenziwe kama kawaida, lakini sauti ya gemu haikufika. Hakuna filimbi, hakuna mashabiki, hakuna mpira kugonga mwamba. Mwenye macho angevumilia. Haidar hakuwa nayo; sukari ilianza kumla macho mwaka juzi, na upasuaji wa mwanzoni mwa mwezi huu ulikuwa wa kuokoa kilichobaki, yaani kujua tu kama kumekucha. Gemu kwake ilikuwa ni sauti tupu. Kelele zikipanda sikio la kushoto, alijua Ausi kapeleka mpira kushoto, na alimfokea arudishe kati.

"Kipofu hafukuzwi kwa maneno," alisema. "Anazimiwa sauti, ajiondokee mwenyewe. Ukiniambia Ausi hakufanya makusudi nitaamini, kwa sababu wewe hujui kuongopa tangu utoto. Ukiniambia kafanya, basi, urafiki wetu umekwisha. Jumamosi hii naingia, nakusikiliza wewe, halafu natoka."

Urafiki wenyewe ulikuwa wa miaka ishirini na mitano. Zuhura hakutaka uishie mikononi mwake, na usiku kucha ndani ya basi hakuwaza jingine.

Ausi alimpokea mlangoni, mwili umejaza mlango, mikono inanuka dizeli. Alikuwa fundi wa mashine za boti kule Mbegani na alikuwa ndiyo kwanza anarudi.

"Afande, karibu. Umekuja na pingu?"

"Nimekuja na njaa. Pingu zitafuata."

Kicheko cha Ausi kilikuwa kifupi kuliko kawaida yake. Uani, mama yake, Bi Ashatu, alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele kwenye ungo. Zuhura akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko Songea hawali?"

"Wanakula, mama. Mimi ndiye sina muda."

"Kula nako kunataka ruhusa ya mkubwa wako?" Bi Ashatu alisema, lakini hakumtazama usoni.

Kutoka pale uani ilionekana nyumba ya pili, nyumba ya Mzee Mwinyimvua, mjomba aliyemlea Haidar tangu mama yake alipofariki. Ubavuni mwake kilikuwepo kibanda cha mabati, mlango umefungwa kwa kufuli. Zuhura akakitazama. Mwaka elfu mbili na moja kibanda kile kilikuwa na televisheni mbili zenye migongo, mashine mbili za gemu, na pedi zilizofungwa kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Mzee Mwinyimvua alikuwa fundi redio, mkali, mwenye inda, mtu wa kukuibia kwenye drafti mchana kweupe na ukimwambia anakufukuza. Mtoto haingii mpaka awe ametoka chuo cha Kurani. Juzuu zilipangwa rafu ya juu kwa staha, viatu vilibaki chini, na ukifungwa unainuka bila kuomba mechi ya pili. Zuhura alikuwa msichana peke yake mle ndani, na mzee alimkubali kwa sharti moja, kwamba asije akamlilia kwa kufungwa na wavulana. Hakumlilia, aliwafunga. Mzee mwenyewe hakuwahi kuzitazama zile gemu. Alikaa mlangoni na chuma chake cha kulehemu, anafungua redio za watu, na kwa kelele tu alijua nani kamfunga nani. Zuhura alizipenda siku zile kuliko siku zake nyingine zote, na hakuona haya kulisema.

"Nipite kwanza nimwamkie Mjomba," alisema.

"Yuko Miono," Ausi akajibu upesi, ameshampa mgongo. "Kwa binamu yake. Huko mtandao mpaka upande kilimani."

Bi Ashatu akainuka na ungo wake, akaingia jikoni. Mchele ulikuwa haujachaguliwa hata nusu. Zuhura akayaona yote mawili, mgongo wa mtoto na mchele wa mama, akayaweka kichwani bila kuuliza. Haidar pia alikuwa amemwambia habari hiyo ya Miono kwenye simu, tena akilalamika kwamba mzee hapatikani.

Waliingia chumba cha mbele. Kompyuta ilikuwa mezani, kubwa, ya zamani kidogo, na pembeni hedifoni mpya.

"Anza mwanzo," Zuhura alisema. "Mara ya mwisho sauti kufika ilikuwa lini?"

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita. Ilifika safi kabisa. Haidar alinitukana kwa kukosa penalti."

"Na mara ya kwanza kukosekana?"

"Tarehe tano."

"Ulibadilisha nini katikati?"

"Sikubadilisha kitu. Hizi hedifoni nilinunua tarehe kumi, nikidhani zile za zamani zimekufa. Ishaka akasema ni masasisho ya kompyuta, nikayaondoa. Nimeifuta gemu nikaiweka upya. Nimebadilisha waya. Nimeisomea hata dua."

"Dua ipi?"

"Ya kupotewa na kitu."

Zuhura akacheka licha ya uchovu, kisha akavuta kiti. Njia ya kutafuta ubovu hakufundishwa chuo cha polisi. Aliijua kabla, kutoka mlangoni mwa kibanda kile. Sauti ina njia, mzee alikuwa akiwafokea. Shika katikati ya njia. Ukiikuta hapo, ubovu uko mbele. Hukuikuta, uko nyuma. Usifungue skurubu zote za watu kwa papara. Zuhura alikuwa amewakamata wezi wa mbolea na mganga mmoja wa uongo kwa njia hiyohiyo.

Alivaa hedifoni, akamwambia Ausi awashe gemu. Uwanja mzima ukamjaa masikioni.

"Sauti inatoka kwenye gemu, na inafika masikioni mwako," alisema. "Kwa hiyo gemu ni nzima, na hizi hedifoni ni nzima. Ulinunua bure."

"Mke wangu keshaniambia."

Akampigia simu Ishaka, rafiki yao wa nne, mwalimu wa sekondari huko Kigamboni, akamtaka aingie mtandaoni awe sikio lake.

"Unasikia nini?"

"Namsikia Ausi anapumua kama kapanda ngazi," Ishaka akasema. "Uwanja siusikii. Nimeshawaambia ni masasisho."

"Subiri." Zuhura akaisimamisha gemu, akafungua kaswida iliyokuwa ndani ya kompyuta, akaicheza. "Na sasa?"

"Kimya. Umecheza nini?"

"Kaswida. Basi ubovu hauko kwenye gemu hata kidogo. Hakuna sauti yoyote ya kompyuta hii inayokufikia, isipokuwa ya mdomo wa Ausi. Na Ausi keshayaondoa masasisho yako, hakuna kilichobadilika. Yaache yapumzike."

Ishaka akaguna, akaomba aendelee kubaki mtandaoni. Zuhura akamkubalia, akaifungua programu ya kurushia gemu mtandaoni. Ilikuwa na mistari miwili ya sauti. Wa kwanza ulikuwa wa maikrofoni. Ausi akikohoa, unaruka na kuwa kijani. Wa pili ulikuwa wa sauti ya kompyuta, na huo ulikuwa umelala, haujagusika, wala hakuna alama kwamba umezimwa. Hapo ndipo katikati ya njia. Akaingia kwenye mipangilio, kutazama programu imeambiwa isikilize kifaa kipi. Ilitakiwa isikilize hedifoni. Ilikuwa inasikiliza skrini.

"Skrini yako ina spika?"

"Haina. Ni kioo tu."

"Basi wiki tatu hii programu imekaa inasikiliza kioo."

Ausi akapiga goti lake kwa furaha. "Alhamdulillahi. Ni nilipobadilisha hedifoni, ikachanganyikiwa. Mwambie Haidar, Zuhura. Mwambie ni hedifoni."

Zuhura aliendelea kuikagua ile mipangilio. Jibu lile lilikuwa tamu, na Haidar angelipokea. Lakini sauti ilipotea tarehe tano na hedifoni zilinunuliwa tarehe kumi, na maumivu hayatangulii kidonda. Tena programu iliyopotewa na hedifoni hubaki na jina la hedifoni za zamani, haihami peke yake kwenda kwenye skrini. Jina la skrini lilikuwa limechaguliwa kwa mkono. Akatafuta faili la mipangilio, akaangalia limehifadhiwa lini mara ya mwisho. Lilihifadhiwa leo, saa saba na robo mchana.

"Saa saba na robo ulikuwa wapi?"

"Mbegani, ndani ya boti ya watu, kichwa chini miguu juu."

"Nani alikuwa nyumbani?"

Ausi akainua kidole kimoja, akainua cha pili, kisha akaishusha mikono yote miwili mapajani.

"Usiniulize hivyo."

"Nimeshauliza. Sikiliza, Ausi. Aliyefanya hivi anaijua kompyuta kukuzidi. Na hakutaka kukukomoa, maana angekuzimia na wewe. Alitaka wewe uendelee kusikia, ila sauti isitoke nje ya nyumba hii."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Nasrin, mke wa Ausi, na sinia la chai na vitumbua. Nasrin ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini, na Jumamosi hufunga saa sita. Aliitazama skrini, akaona ukurasa uliofunguliwa, na sinia likatua mezani kwa kishindo kidogo.

"Karibu chai, wifi."

"Ahsante, wifi. Hii programu aliiweka nani hapa?"

"Mimi. Ausi anajua kubonyeza kitufe cha kuanzia tu."

"Na alipokuja kwako akakuambia sauti haiendi?"

"Nilimwambia labda hedifoni." Nasrin akawa anapanga vikombe ambavyo vilikwisha pangika. "Akaenda kununua. Roho iliniuma."

"Kwa hiyo ni wewe," Ausi akasema taratibu. Alikuwa amesimama. "Wiki tatu nahangaika, Haidar ananiona mimi mshenzi, na wewe unanitazama tu."

"Kaa, Ausi," Zuhura akasema. "Mkono ni wa Nasrin. Neno si lake. Wifi, tarehe nne au tano kulitokea nini hapa?"

Nasrin akamtazama mumewe, akatazama upande wa uani.

"Kamuulize mama," akasema. "Mimi nilitumwa, nikatii."

Zuhura akaenda jikoni peke yake. Bi Ashatu alikuwa ameuweka ungo mapajani lakini hachagui. Nyuma ya mlango iliegemezwa bakora ya mpingo yenye pete ya shaba. Zuhura aliijua bakora ile; iliwahi kumgonga kisigino mara nyingi tu. Tangu avunjike nyonga, Mzee Mwinyimvua hakuwa akienda hata chooni bila hiyo. Akaichukua, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, Mjomba kaendaje Miono bila hii?"

Bi Ashatu akainamisha kichwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na mama yule alikuwa amechoka kuficha.

"Hakwenda Miono, mwanangu. Kafariki. Alhamisi ya tarehe tatu, baada ya alasiri. Tukamzika Ijumaa."

Zuhura akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akalia. Alimlilia mzee yule mkali kilio kilekile alichomkataza utotoni, na Bi Ashatu hakumwambia anyamaze. Alipokwisha akajifuta kwa upindo wa mtandio.

"Hakuna aliyeniambia."

"Mngeambizana vipi? Kundi lenu la simu mko wanne, na mmoja ndiye mfiwa. Ausi alitaka kukupigia, akaogopa. Alisema Haidar akikuuliza hali ya mjomba wake, wewe utamwambia."

"Ningemwambia."

"Ndiyo hivyo." Bi Ashatu akashusha pumzi. "Siku ile aliyokufa mzee, Haidar naye alikuwa katoka kupasuliwa. Kaka yake, Shuaibu, akapiga simu kutoka Maskati. Presha ya mgonjwa iko juu, daktari hataki ashtuke, asiambiwe mpaka atulie. Semeni yuko Miono. Na Ausi acheze Jumamosi kama kawaida, mgonjwa asije akatia shaka. Wanaume wakakubaliana. Mimi sikuulizwa."

"Na Ausi akacheza."

"Siku ya pili ya matanga, Zuhura. Nakuja hapa kuchukua sufuria, hiyo nyumba ya pili watu wanasoma Yasini, nakuta hedifoni ziko juu ya meza na humo ndani uwanja mzima unashangilia. Ausi kaenda kusali alasiri. Nikamuuliza Nasrin, shangwe hizi anazisikia nani? Akasema, mama, zinafika mpaka Maskati, ndiyo raha ya Haidar. Nikasema la. Hapa kukiwa na matanga hata nyumba ya saba hushusha redio. Mfiwa hapelekewi vigelegele kutoka nyumbani kwangu. Awe anajua, awe hajui. Asiyejua ndiye wa kuonewa haya zaidi, maana hawezi kujikataza mwenyewe."

"Ukamwambia Nasrin azime."

"Nilimwambia afanye kwa namna ambayo Ausi hatajua, asije akabishana nami. Mpaka arobaini ya mzee tu. Leo Ausi alichezea mitambo asubuhi, Nasrin akairudisha vilevile. Nilimzimia kwa heshima yake, mwanangu."

"Yeye kaona kafukuzwa, mama."

Bi Ashatu akainua uso. Zuhura akamweleza yote aliyoambiwa Alhamisi, neno kwa neno, hata lile la kipofu kuzimiwa sauti. Mama akasikiliza mpaka mwisho, mkono uko mdomoni.

"Kafukuzwa na nani?" akasema baadaye. "Na mimi niliyemwogesha utotoni?"

Ilikuwa imebaki robo saa. Chumba cha mbele kiliwapokea wote wanne, na Ausi, aliposikia mama yake kasema nini, hakugomba. Alikaa tu ameshika magoti. Kisha akaanza kusihi.

"Shuaibu katuapisha, Zuhura. Presha ile. Mwambie ni hedifoni. Siku kumi na saba tu zimebaki kufika arobaini, tutamwambia wote pamoja, tukiwa tumejiandaa."

"Kwa siku kumi na saba hizo hatakuwa rafiki yako tena. Anatoka leo."

"Bora anichukie kuliko afe."

Alilisema kwa kweli, na macho yalikuwa yamemjaa. Zuhura akamwonea huruma, na akampenda pia. Lakini akachukua simu yake, akampigia Shuaibu kwanza. Alimuuliza habari za mgonjwa kama anavyouliza hospitali akiwa kazini: presha ya leo asubuhi ilikuwa ngapi, daktari alimwona lini. Presha ilikuwa imeshuka tangu Jumanne. Shuaibu akabisha, akabisha tena, mwisho akakiri kwamba uongo wenyewe unamnyima usingizi. Akakubali kwenda kukaa chumbani kwa ndugu yake, na kipimo akichukue.

"Sitamrukia na habari," Zuhura akawaambia waliokuwa chumbani. "Atauliza, nami nitajibu alichouliza. Wifi, irudishe programu kwenye hedifoni."

Nasrin akabonyeza mara tatu. Mstari wa pili ukaamka, ukawa kijani.

"Nausikia uwanja," akasema Ishaka kutoka Kigamboni, na sauti yake haikuwa na furaha. Alikuwa amekwisha sikia yaliyosemwa chumbani, na yeye pia ni mmoja wa walioapishwa.

Saa kumi kamili Haidar akaingia. Hakusalimu. Walimsikia anavuta pumzi, kisha wakamsikia ananyamaza kusikiliza. Gemu ilikuwa haijaanzishwa. Ni mashabiki tu, wanaimba wakisubiri timu zitoke.

"Ahaa," akasema polepole. "Umejaa leo."

Ausi alifunika macho.

"Haidar, ni Zuhura. Niko hapa Bagamoyo, kwa Ausi. Shuaibu amekaa hapo karibu nawe?"

"Kaja sasa hivi, kanishika mkono na mkono wake una jasho. Tangu lini matokeo ya upelelezi yakataka mtu ashikwe mkono?"

"Uliza ulichotaka kuuliza."

"Ausi kanizimia?"

"Hapana. Ausi hakujua. Amehangaika kuirudisha kuliko ulivyohangaika wewe kuitaka."

Pumzi ndefu ikatoka Maskati. "Ausi, ndugu yangu, nisamehe. Nilikusema vibaya."

"Yamekwisha," Ausi akasema.

Ingeweza kuishia hapo. Zuhura alijua kwamba ingeweza kuishia hapo, na aliomba kimoyomoyo iishie. Lakini Haidar alilelewa mlangoni mwa kibanda kilekile.

"Nani, basi?"

"Mimi, baba," Bi Ashatu akasema. Alisogea mpaka karibu na maikrofoni, mikono ameifumbata. "Ni mimi niliyemwambia Nasrin."

"Mama? Kwa nini?"

"Palikuwa na msiba hapa."

Mashabiki waliendelea kuimba. Zuhura alijua Haidar anafanya nini: alikuwa ameshika katikati ya njia.

"Mama," akasema mwishowe, "kama ni heshima ya jirani, ungemkataza Ausi asicheze. Hukumkataza. Ulimwacha asikie, ukazuia sauti isinifikie mimi. Mjomba hayuko Miono."

"Hayuko, baba."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," Haidar akasema, na nyuma yake Shuaibu akalisema, na Ishaka, na wote chumbani. Walimsikia Haidar analia. Alilia kwa muda, hakuna aliyemkatiza, na mara moja tu Shuaibu alisema kwa sauti ya chini kwamba kipimo kiko sawa.

"Lini?"

"Tarehe tatu," Zuhura akasema. "Alizikwa Ijumaa, baada ya sala. Ausi aliingia kaburini kumpokea."

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya ishirini na tatu," Ausi akajibu.

"Kwenu," Haidar akasema. "Kwangu ndiyo ya kwanza. Nasrin, shemeji, izime hiyo sauti. Bado sijamkalia matanga."

Nasrin akaizima, uwanja ukakatika, kisha Ausi akaifunga gemu yenyewe, akaiacha maikrofoni wazi. Bi Ashatu alitandika mkeka chini ya meza ya kompyuta, wakashuka wote kwenye viti wakakaa chini. Ishaka akaanza kusoma Yasini kutoka Kigamboni, na kutoka Maskati Haidar akawa anamfuata kwa sauti iliyokwaruza, aya kwa aya.